Taimushea: piga hesabu hizi kabla hujasaini

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie mnaopenda kupeleka watoto Orlando shule zikifungwa, hii naandika kwa ajili yenu. Wapo wenzetu wanarudi toka Florida na mkataba wa taimushea kwenye begi na bado hawajaelewa wamenunua nini. Ukiitwa kwenye semina ya "dakika 90 tu" halafu unaahidiwa tiketi za Disney kwa bei ya kutupa, au siku mbili tatu za hoteli, jua kabisa zawadi hizo zinalipwa na hela ya wale watakaosaini, na wewe umeitwa ili uwe mmoja wao. Sisemi usiende. Nasema usiende bila hesabu.

Kwanza kitu chenyewe. Unanunua haki ya kutumia chumba au kondo ya resoti kwa muda fulani, mara nyingi wiki moja kila mwaka. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo kondo moja inaweza kuuzwa kwa watu kama hamsini hivi tofauti na kila mmoja akaitwa mwenye mali. Zamani ulikuwa unapewa wiki yako maalum, tuseme wiki ya 27, chumba kile kile kila mwaka. Siku hizi wengi wanauziwa pointi, ambazo unaweza kuzitumia kwenye resoti mbalimbali za kampuni hiyo ilimradi nafasi ipo, na wiki za likizo za shule ndo zinakula pointi nyingi kuliko zote. Halafu kuna ya hati kabisa, inaandikishwa kaunti kama nyumba, na kuna ile ya haki ya kutumia kwa miaka kadhaa kisha inakwisha. Wewe uliza moja tu: inaisha lini? Ukijibiwa haiishi, ni yako maisha na watoto wako watarithi, wauzaji wanalitaja kama sifa lakini wewe lisikie kama onyo, kwa sababu pamoja na chumba unarithisha na bili.

Maana hapo ndipo penyewe. Watu wote wanabishana kuhusu bei ya kununua, iwe elfu ishirini au elfu thelathini, wakati kitu cha kuangalia ni ada ya matengenezo. Hiyo unalipa kila mwaka, uende usiende, uwe na kazi usiwe nayo. Ukinunua kwa kampuni yenyewe Marekani, wastani wa bei miaka hii unazidi dola 20,000, na ada kwa wastani imeshavuka dola 1,000 kwa mwaka, na inapanda. Kimbunga kikipiga resoti, au paa likihitaji kubadilishwa na akiba ya resoti haitoshi, wenye wiki wote mnaletewa mchango wa ziada juu ya ada, na huo nao ni lazima.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki, na kinachukua dakika kumi: jifanye umepewa hiyo taimushea bure kabisa, bila kulipa hata senti ya kununua. Ada ni dola 1,200 kwa mwaka, gawa kwa siku 7, unapata kama dola 171 kwa usiku. Sasa ingia mtandaoni utafute kondo ya ukubwa huohuo, mji huohuo, wiki hiyohiyo unayotaka kwenda, na kwa Orlando nyumba za kupanga ziko nyingi mno kule Kissimmee na Davenport. Kama unapata chumba kizuri kwa 171 au chini yake, basi hata ukipewa bure ni hasara, na hakuna sababu ya kuendelea na hesabu nyingine, funga simu ukale chakula chako.

Kama bado inaonekana nafuu, nenda kipimo cha pili, kile cha mkopo. Wengi wetu hatutoi elfu ishirini na nne mkononi, tunatoa asilimia kumi na kubaki na deni, na mikopo ya taimushea inayotolewa na kampuni yenyewe riba yake ni kubwa, asilimia 15 si kitu cha ajabu. Chukua mfano: bei 24,000, umetanguliza 2,400, umebaki na deni la 21,600 kwa asilimia 15 kwa miaka 10. Hapo unalipa kama dola 348 kila mwezi na jumla ya marejesho inafika karibu 41,800. Ongeza ile 2,400, ongeza ada za miaka 10 tukianzia 1,200 na ikipanda asilimia 5 kila mwaka, hizo peke yake ni kama 15,100. Jumla inakaribia dola 59,300 kwa wiki kumi za likizo, yaani karibu dola 847 kwa usiku mmoja. Rudia kuisoma hiyo. Hata ungelipa taslimu bila mkopo wowote, bado ni kama dola 558 kwa usiku. Na baada ya miaka hiyo kumi deni limeisha lakini ada haijaisha, wakati huo itakuwa karibu dola 1,950 na inaendelea kupanda.

Wauzaji watakwambia "lakini ni mali, ni uwekezaji, ukichoka unauza". Usibishane nao, fungua eBay kwenye simu yako hapohapo mezani, tafuta wiki za resoti hiyohiyo zilizotumika, na angalia sio bei zinazoombwa tu bali zile zilizouzwa kweli. Utakuta wiki ambazo mtu alilipa maelfu zinaondoka kwa dola 1, na wengine wanakubali kulipa gharama za kuhamisha hati ili tu mtu awapokee ule mzigo wa ada. Disney Vacation Club, yaani taimushea ya Disney iliyoanza 1991, ndiyo inayotajwa sana kuwa inashika thamani ikiuzwa tena, na ni kweli inajitahidi kuliko nyingi, ila mikataba yake ina tarehe ya mwisho, kadhaa inaisha 2042, na anayenunua mkononi mwa mtu leo hapati haki zote za resoti zao mpya. Kwa hiyo hata hapo soma kwanza.

Sasa niongee la kwetu, maana wanaotoa ushauri huu wengi hawajui maisha yetu. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri akupe likizo ya kulipwa, wengi tunahangaika na wiki mbili, wenye bahati tatu. Wiki hizo zinakwenda wapi? Zinakwenda nyumbani. Desemba unataka kuwa Moshi au Kisumu au Mombasa na wazazi, kuna harusi, kuna msiba usioutarajia, na tiketi ya ndege ya familia ya watu wanne peke yake ni bajeti ya mwaka mzima. Mtu anayerudi nyumbani kila baada ya mwaka mmoja au miwili, ataitumia lini wiki ya Orlando? Ataikosa mwaka huu, mwakani atajaribu kuiweka kwenye kampuni za kubadilishana wiki na wenye resoti nyingine, kama RCI au Interval, huko nako kuna uanachama wa kulipia na ada ya kila badilishano, na bado ada ya matengenezo inadaiwa palepale. Na ukiuziwa kwa maneno kwamba utabadilisha ukalale Diani au Zanzibar, mwambie muuzaji afungue mfumo mbele yako akuonyeshe nafasi zilizopo Desemba hii, kwa watu wanne. Usikubali picha. Taka tarehe na idadi ya vyumba. Tena wengine tuna mpango wa kurudi nyumbani moja kwa moja siku moja, na ule mkataba haurudi nyumbani na wewe, unabaki kule unakudai.

Mi naona inawafaa watu wa aina moja: familia inayokwenda sehemu ileile kila mwaka bila kukosa, kwenye wiki za bei kali, inayohitaji vyumba viwili na jiko, na ina uhakika wa kufanya hivyo miaka kumi ijayo. Familia kama hiyo ipo. Ila hata hiyo inunue mkononi kwa mtu kwa bei ya chini kabisa, taslimu, baada ya kupiga simu resoti kuthibitisha ada ni kiasi gani, kuna deni lolote, na haki zipi zinahamia kwa mnunuzi mpya. Au ifanye rahisi zaidi: kuna mitandao kama RedWeek ambako wenye wiki wanazipangisha, na wengi wanapangisha kwa kiasi kinachokaribia ada yao tu. Unalala kwenye kondo ileile, bwawa lilelile, ukiondoka hamjuani. Angalia pia bei hizo kabla hujaamini ile ahadi ya "utakuwa unapangisha na ada inajilipa yenyewe".

Ukiamua kwenda semina kwa ajili ya zawadi, kubalianeni wewe na mwenzako kabla ya kuingia kwamba leo hamsaini kitu, liwe liwalo. Mara nyingi wanataka wanandoa wote wawili wawepo, na sababu ni kwamba mmoja akiwa nyumbani mwingine ana kisingizio cha kwenda kumuuliza. Dakika 90 zinaweza kuwa saa tatu. Utaletewa muuzaji mpole, ukikataa anakuja meneja, ukikataa tena bei inashuka ghafla toka elfu arobaini mpaka elfu ishirini na kitu kisha mpaka "kifurushi cha majaribio", na kila mara ni bei ya leo tu. Sisi tumelelewa kuheshimu mtu aliyekukaribisha na kukupa chai, tunaona aibu kuinuka na kuondoka, na aibu hiyo ndo inatugharimu. Sema "asante, hatununui, tunaomba zawadi yetu" na urudie maneno hayohayo bila kutoa sababu, kwa sababu kila sababu utakayotoa wana jibu lake tayari. Usimpe mtu leseni yako na namba ya sosho sekyuriti "ili tuone tu kama unakubalika". Na ahadi yoyote ya mdomo, eti kampuni itainunua tena, eti ada haipandi, mwombe aiandike ndani ya mkataba. Mikataba hii huwa na kipengele kinachosema hukutegemea maneno yoyote ya mdomo, kwa hiyo kisichoandikwa hakipo.

Umeshasaini? Kama ni juzi, acha kusoma vingine fanya hili leo. Florida sheria inakupa siku 10 za kalenda za kufuta, kuanzia siku uliyosaini au siku uliyopata nyaraka za mwisho wanazotakiwa kukupa, yoyote iliyo baadaye, na haki hiyo huwezi kunyang'anywa hata kama umesaini karatasi ya kuikana. California ni siku 7, Nevada 5. Walioko Umoja wa Ulaya na Uingereza ni siku 14, na hawaruhusiwi kupokea malipo ya awali ndani ya siku hizo. Tafuta ukurasa wa kufuta kwenye mkataba, mara nyingi umezikwa katikati ya makaratasi mengi, ufuate anwani na njia iliyoandikwa pale. Barua iwe fupi: majina ya wote waliosaini, namba ya mkataba, tarehe, jina la resoti, na sentensi kwamba mnafuta mkataba na mnataka hela yenu yote irudi. Sababu haihitajiki. Wote saini, piga picha kila ukurasa, tuma posta kwa barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, na risiti itunze. Usipige simu ukadhani umefuta, simu haihesabiki, na aliyepo upande wa pili kazi yake ni kukubakiza mpaka siku zipite.

Kama siku zimeshapita, anza na kampuni yenyewe. Kadhaa ya zile kubwa zina utaratibu wa kuipokea hati irudi kwao kama mkopo umeisha na ada hazina malimbikizo, uliza waziwazi na uombe majibu kwa maandishi. Ukiacha tu kulipa, wanaweza kuichukua kisheria na rekodi yako ya mikopo ikachafuka, na kama unataka kununua nyumba hiyo itakuuma. Watoto wakirithi wana haki ya kukataa, ila wakatae mapema, kwa maandishi, kabla hawajaitumia hata mara moja.

Na yeyote atakayekupigia simu kwamba ana mnunuzi tayari, au atakutoa kwenye mkataba ukimlipa kwanza, kata simu. FBI inasema Wamarekani kama 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023 kwenye utapeli wa taimushea za Mexico pekee, na nyuma ya baadhi yake kuna genge la madawa ya kulevya la Jalisco. Wanakuwa na jina lako, resoti yako na mpaka namba ya mkataba, na wanaomba "kodi" au "gharama za uhamisho" zitumwe benki ya Mexico kabla hela ya mnunuzi haijaachiwa. Mnunuzi wa kweli anaweka hela kwa wakala wa hati anayejulikana, anayeishikilia mpaka mauzo yakamilike, na wewe unalipwa kwenye kufunga mauzo, hutangulizi chochote kwa mtu aliyekupigia yeye.