Ua la waridi likinyauka, kata chini zaidi
Kwa wenye kibustani kidogo mbele ya nyumba na mawaridi ya pinki hafifu yanayonukia: ua likinyauka, usinyofoe kichwa tu. Shuka hadi jani la kwanza lenye vijani vitano linaloelekea nje ya kichaka, ukate kwa mkasi mkali nusu sentimita hivi juu yake. Ua likiachwa, mmea hutumia nguvu kulea mbegu. Ukikata hapo, jicho (kichipukizi kidogo) la kwapani mwa jani huchipua kuelekea nje, katikati pakabaki wazi, hewa ikapita na majani yakakauka upesi, maana ugonjwa wa madoa meusi hupenda majimaji. Haisaidii kuleta maua mapya kwa aina zinazochanua mara moja tu kwa mwaka. Na mche mchanga toa ua peke yake. Majani bado anayahitaji, maskini.