Kuku na mbuzi kwenye malisho mamoja: mambo ya kuzingatia kabla ya kujenga banda

Kuku wa kienyeji kuchakura nyuma ya mbuzi si jambo geni, hasa kwa mtu wa Singida au Dodoma. Mchana wanyama hawa hawana ugomvi. Kuku anatawanya mavi, anadonoa funza na hata kupe. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1991 ulikuta kupe kwenye magole (mifuko ya chakula shingoni) ya kuku walioachiwa katikati ya mifugo. Shida inaanza wanapogawana chakula na malazi. Kwa hiyo kabla hujanunua bati hata moja, kata shauri hili: malisho ni ya wote, banda la kuku ni la kuku peke yao.

Wengi huuliza kwanza habari za magonjwa. Mimi ningeanza na pumba. Chakula cha kuku ni nafaka iliyosagwa, mashudu ya alizeti na dagaa, na mbuzi akikifikia hali kidogo akaondoka, anafagia debe zima. Nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja huchacha tumboni na kugeuka asidi. Utamwona ubavu wa kushoto umejaa, anasaga meno, hacheui, anaharisha majimaji yenye harufu ya uchachu, kisha analala. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ukiona dalili hizo ondoa nafaka yote, mpe nyasi kavu, umpigie afisa mifugo hapo hapo. Na aliyelala chali au ubavu usimnyweshe kitu kwa nguvu, kitaingia mapafuni. Beberu anayeiba pumba kidogo kidogo kila siku naye hayuko salama, maana huja kupata vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo.

Dawa yake ni ratiba kabla ya kuwa mlango. Walishe kuku ndani ya banda asubuhi kabla hujafungulia mbuzi, na jioni mbuzi wakishafungiwa. Magunia yakae stoo yenye komeo la kweli, kwa sababu kamba iliyofungwa fundo mbuzi huitafuna mpaka ikaachia.

Mlango wenyewe wa kuku uwe tundu la kama sentimita 25 kwa 30. Mbuzi mkubwa hapiti, lakini mtoto wake wa wiki chache anapita bila taabu, na huyo ndiye utakayemkuta amelala juu ya chombo cha chakula. Inua banda juu ya nguzo, karibu mita moja kutoka chini, kisha weka ngazi ya fito nyembamba za mviringo. Ukiweka ubao mpana umewajengea mbuzi daraja. Paa la nyasi usilishushe karibu na midomo yao, watalila lote, na bati likiwa chini watapanda juu kuota jua mpaka libonyee. Wavu mwembamba wa kuku nao hauhimili mbuzi anayejikuna: zungushia fito au mbao kwa nje hadi usawa wa kifua chake. Nafasi ya ndani si fumbo, kuku wakubwa watano kwa mita moja ya mraba wanatosha, na kiota kimoja kwa matetea wanne au watano. Viota visipotosha, mayai utayaokota kwenye hori la mbuzi, yakiwa yamekanyagwa.

Hori hilo hilo liwe na kifuniko chenye mteremko, kuku wasilale juu yake. Majani yenye kinyesi cha kuku mbuzi huyakataa, na akiyala anaweza kuokota bakteria wa kuharisha kama salmonela. Kuku aliyekufa humo atolewe siku ile ile. Mzoga uliooza kwenye majani makavu unaweza kuleta sumu ya botulizimu. Maji ya mbuzi yaning'inizwe nje ya uzio, wachomoze vichwa kunywa. Ndoo iliyo chini huzamisha vifaranga.

Kuhusu magonjwa, kuna hofu isiyo na msingi: kokisidia (vijidudu vya utumbo vinavyoharisha) ya kuku haimwambukizi mbuzi, wala ya mbuzi haimwambukizi kuku. Kila mmoja ana ya kwake, ila zote hustawi kwenye unyevu na uchafu, kwa hiyo ukiona zote mbili zizini laumu sakafu. Viroboto wa kuku, wale wanaong'ang'ania kichwani, ndio wa kuangaliwa, maana huweza kuhamia kwa wanyama wengine na huzaliana kwenye mchanga mkavu chini ya banda. Fagia hapo. Kideri kinahitaji chanjo kabla ya kuwaachia kuku nje. Ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu. Mbuzi nao wawe wamechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo (PPR) na homa ya mapafu ya mbuzi.

Siku ya kuogesha mbuzi, kuku wabaki ndani mpaka mbuzi wakauke na madimbwi ya dawa yaishe, la sivyo watakunywa maji hayo na kula kupe waliokufa kwa sumu. Vivyo hivyo mbuzi anayekaribia kuzaa atengwe. Kuku hudonoa kondo la nyuma, kisha wakageukia kitovu kibichi na macho ya mtoto.

Vifaranga wasiachiwe kabla ya miezi miwili, kwato haziwaoni. Na usidhani mbuzi watawalinda: mwewe hawaogopi, na kicheche na nguchiro huja wakati mbuzi wamelala. Kuku wageni wafungie ndani ya banda jipya kwa wiki moja hivi, halafu wafungulie saa kumi jioni, wakiwa na njaa, ili giza liwarudishe wenyewe.