Mlezi Akizeeka: Namna ya Kumsaidia Dada Anayemtunza Ndugu Mwenye Usonji au Ulemavu

Nyumba nyingi za Kenya, wazazi wakishafariki, ndugu mwenye usonji (autism) au ulemavu wa akili hubaki mikononi mwa dada mmoja: aliyerudi nyumbani, ambaye hakuolewa, au aliyekuwa karibu tu. Miaka inakwenda. Leo dada ana miaka 65, presha inamsumbua na magoti yanauma, na ndugu yake aliyevuka 50 bado anamtegemea kwa kila kitu. Yanayofuata ni kwa watoto wake, wapwa na majirani wanaotaka kumpunguzia mzigo. Kaka mlezi naye yumo.

Usianze kwa kusema, "Tumpeleke mahali." Mtu aliyelea miaka 30 husikia hapo kwamba kazi yake imehukumiwa, na mlango hufungwa. Anza na maswali yanayomhusu yeye mwenyewe: Usiku unaamka mara ngapi? Kazi gani inakuumiza mwili? Kliniki yako ya presha ulienda lini mara ya mwisho? Kisha omba kazi moja, moja tu, uifanye kila wiki siku ile ile bila kukosa. Kufua Jumamosi kila wiki kunamsaidia kuliko ahadi kubwa ya Krismasi.

Kama ndugu hawezi kusimama mwenyewe, kazi ya kwanza kuondoa ni kumwinua. Dada asimwinue peke yake. Wekeni shuka imara iliyokunjwa mara mbili chini ya mgongo na nyonga, watu wawili wavute kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Kitanda kiinuliwe kifike usawa wa kiuno cha anayemhudumia. Vitalu chini ya miguu ya kitanda vinatosha, ilimradi havitikisiki. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, la sivyo vidonda vitaanza kwenye nyonga, visigino na mwisho wa uti wa mgongo.

Halafu kuna daftari. Dada anajua mambo mia ambayo hayajaandikwa popote, na akilazwa ghafla yanakwenda naye. Ukurasa wa kwanza uwe na jina kamili, namba ya kitambulisho, magonjwa, dawa na tarehe ya kliniki. Dawa iandikwe kwa jina na miligramu, siyo "kile cheupe asubuhi, kile cha waridi jioni." Duka la dawa likibadilisha kampuni, rangi hubadilika, na hapo ndipo mgonjwa hupewa dozi mara mbili au kukosa kabisa. Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokoma. Degedege likipita dakika 5, ni hospitali moja kwa moja.

Kurasa zinazofuata ziseme anavyosema ndiyo, anavyosema hapana, anavyoonyesha maumivu, chakula kinachomkaba, sauti zinazomtisha, na kinachomtuliza. Vitu ambavyo maneno hayatoshi, kama namna ya kumlisha au kumnyoa, virekodiwe kwa simu, video ya dakika mbili. Mwache dada aongee huku anafanya. Atataja mambo ambayo asingekumbuka akiulizwa.

Kupokezana ndipo familia nyingi hukosea. Wanasubiri dharura, kisha mtu asiyezoeleka anaingia siku ile ile dada anapotoka. Kwa mtu mwenye usonji hilo ni mabadiliko mawili kwa mpigo: sura mpya, na aliyemzoea hayupo. Atakataa kula, atajipiga, na wote wataamua kwamba "haiwezekani mtu mwingine." Inawezekana, ila polepole. Mwanzoni mgeni akae tu, aangalie. Baadaye afanye jambo moja, labda kumpa chai, dada akiwa chumba kile kile. Kisha dada awe chumba kingine, kisha aende sokoni saa moja, kisha alale kwa jirani usiku mmoja. Msiruke hatua mpaka ile ya kabla imekuwa ya kawaida. Na dada asitoroke kimyakimya ili kukwepa kilio. Aage, aseme anarudi lini, aache kitu chake kinachojulikana, kama leso. Akitoroka mara moja, ndugu atamfuata kila chumba kwa wiki nzima.

Mzazi au ndugu akifariki, semeni "amekufa, hatarudi." "Amesafiri" humfanya asubiri mlangoni. Mwende naye mazikoni, na akiuliza tena na tena, jibuni kwa maneno yale yale.

Tabia ikibadilika ghafla, kagueni mwili kabla ya kulaumu akili: meno, masikio, choo kigumu. Mwenye hali ya Down (ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao) huweza kupata ugonjwa wa kusahau mapema, kuanzia miaka ya 40 na kitu, lakini tezi dundumio, ile ya shingoni, ikifanya kazi kidogo nayo humfanya azubae, alale sana na anenepe. Ombeni kipimo cha damu cha tezi, na macho na masikio yapimwe, kabla ya kukubali kuwa ni uzee.

Sasa karatasi. Watu wazima wengi wenye ulemavu hawana hata kitambulisho, kwa kuwa hakuna aliyeona haja. Bila hicho mengine yote hukwama, basi kianze hicho. Kisha aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali inayoruhusiwa kutathmini. Mwenye ulemavu mkubwa anaweza kuombewa fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa kadi ya Baraza peke yake haimwingizi kwenye orodha. Fedha hizo hushikwa na mlezi aliyeandikishwa. Kama ni mama na amefariki, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo na cheti cha kifo na vitambulisho, mlezi abadilishwe. Msiendelee kuchukua kwa jina la marehemu: ni kosa la jinai, na malipo yakisimamishwa anayeumia ni mwenye haki.

Shamba ndilo jambo zito kuliko yote. "Tutamtunza tu, asiandikwe" ni kauli inayosemwa kwa nia njema, kisha waliosema wanafariki na wana wao wanamfukuza. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mtoto mwenye ulemavu ni mtoto: mzazi akifa bila wosia, naye ana fungu sawa na wenzake. Jina lake liwe katika barua ya chifu na katika kiapo cha kuomba mirathi mahakamani, fomu P&A 5. Likifichwa, hati ya mahakama ya kusimamia mirathi inaweza kubatilishwa chini ya kifungu cha 76. Kwa Waislamu mambo huenda kwa Kadhi, na ulemavu haupunguzi fungu.

Dada naye aandike wosia. Kwa mali yake, ndugu huhesabiwa tegemezi ikiwa tu alikuwa akitunzwa naye hadi kifo, na lazima ombi la kutaka fungu lifike mahakamani kabla hati ya mirathi haijathibitishwa; wengi huchelewa. Wosia wa mdomo hauaminiki kwa hili: unahitaji mashahidi wawili waliousikia, na hufaa tu ikiwa msemaji amefariki ndani ya miezi 3. Wa maandishi nao unataka mashahidi wawili wanaomwona akitia sahihi, na wasiwe wanaoachiwa kitu humo, maana wanaweza kupoteza walichoachiwa. Ndani yake ataje atakayesimamia fedha na atakayekaa na ndugu, ikiwezekana watu wawili tofauti, waliokubali kwa vinywa vyao. Nakala ikae kwa wakili, nyingine iwekwe pamoja na daftari la dawa.