Kusawazisha maji ya bwawa la chumvi kwenye baridi ya Nyanda za Juu

Kipupwe kikiingia Mbeya, Iringa au Njombe, mashine inayotengeneza klorini kutokana na chumvi ya bwawa la kuogelea huanza kuwasha taa ya chumvi pungufu. Mara nyingi chumvi haijapungua hata kidogo. Mashine nyingi hukadiria chumvi kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme, na maji baridi hupitisha umeme kwa shida. Anayeiamini taa humwaga magunia mwezi Julai. Joto la Oktoba likifika anakuta chumvi imepita kiasi, na chumvi iliyozidi haina dawa ila kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Kwa hiyo usiguse gunia kabla ya kupima.

Chota kwa chupa safi, mkono ukizama hadi kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji bwawani. Iache sampuli ndani ya nyumba ipate joto la chumba, kisha upime kwa dawa za matone. Vijikaratasi vya kubadilika rangi vinafaa kwa kuchungulia tu, havifai kwa hesabu ya kilo.

Vipimo vyote hapa chini ni vya bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 48,000. Lako likiwa nusu ya hilo, weka nusu.

Anza na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, kwa sababu ndiyo inayoishikilia pH (kipimo cha uchachu wa maji) isiyumbe. Kwenye bwawa la chumvi ilenge miligramu 70 hadi 90 kwa lita. Maji ya vijito vya milimani, kama vya Rungwe na Poroto, kwa kawaida ni laini, yaani yana madini machache, na alkaliniti yake huwa ndogo. Gramu 800 za bikaboneti ya soda huipandisha kwa takriban 10. Iwe bikaboneti tupu, si poda ya kuumulia keki, ambayo imechanganywa na wanga. Wala usitumie magadi ya kulainishia maharage: yana kaboneti inayorusha pH juu ghafla, na huja na udongo wake.

pH iwe kati ya 7.4 na 7.6. Kwenye bwawa la chumvi hupanda yenyewe wiki hadi wiki, kwa sababu viputo vinavyotoka kwenye seli, sehemu ya mashine yenye bamba zinazotengeneza klorini, hufukuza kaboni dioksaidi iliyoyeyuka majini. Ikifika 7.8, mimina mililita 300 za asidi haidrokloriki ya asilimia 31 hadi 33 kwenye ndoo yenye lita 10 za maji. Maji yatangulie, asidi ifuate, kamwe usigeuze. Vaa glavu na miwani, simama upande upepo unakotokea, zungusha ndoo taratibu upande wa kina pampu ikiwa inafanya kazi. Subiri kwa muda wa saa nne, pima tena, ndipo uamue kama unaongeza. Haraka hapa huiangusha alkaliniti, ukarudi kununua bikaboneti.

Kalsiamu ndiyo inayosahaulika zaidi huku kwetu, na hasara yake ni kubwa. Maji laini yakikosa kalsiamu huitafuta kwenye ukuta. Pitisha kidole kati ya vigae: saruji ikibaki kidoleni kama unga, maji yanaila. Lenga miligramu 200 hadi 300 kwa lita. Kilo 7 za kloridi ya kalsiamu ya asilimia 77 huongeza takriban 100. Iyeyushe kidogo kidogo kwenye ndoo, na ndoo itapata moto mkononi, usishtuke. Usiiweke siku moja na bikaboneti, maji yatageuka maziwa. Lakini anayejaza kwa kisima upande wa bonde la Songwe, kunakochimbwa mawe ya chokaa, apime kwanza. Huenda maji yake yana kalsiamu ya kutosha, na akiongeza atapata ukoko mweupe ndani ya seli.

Jua la mwinuko wa mita 1,600 na zaidi ni kali hata siku ya baridi. Bila asidi ya sayanuriki, ambayo wauzaji huiita stabilaiza, karibu nusu ya klorini hupotea ndani ya saa moja ya jua la mchana. Kilo 2.9 huleta miligramu 60 kwa lita. Itie kwenye soksi, ining'inize mbele ya tundu la maji yanayorudi, uiminye kila siku. Kwenye maji baridi huyeyuka polepole, basi subiri wiki nzima kabla ya kupima.

Sasa chumvi. Mashine nyingi zinataka miligramu 3,200 kwa lita, yaani kilo 154 kwa maji ambayo hayana chumvi kabisa. Fuata kijitabu cha mashine yako. Yeyusha kijiko kimoja kwenye glasi: maji yakibaki na tope au rangi, rudisha gunia dukani. Chumvi ya ng'ombe iliyochanganywa madini usiilete kabisa, chuma na shaba yake huacha madoa ukutani. Zima mashine, mwaga chumvi ukizunguka bwawa, isugue isilale sakafuni, na pampu ifanye kazi saa 24 kabla ya kuiwasha mashine tena.

Chumvi haiondoki na mvuke. Kiangazi ongeza maji tu. Masika ni tofauti: mvua ya milimita 100 ikilifurisha bwawa hili huondoka na karibu kilo 10 za chumvi, pamoja na sehemu ya stabilaiza na kalsiamu.

Maji yakishuka chini ya nyuzi 15 hivi, mashine nyingi hupunguza kazi au hujizima. Usiilazimishe, unachakaza seli. Weka klorini kwa mkono: gramu 75 za haipokloriti ya kalsiamu ya asilimia 65 hupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita. Kwa stabilaiza ya 60, klorini isishuke chini ya 3. Yeyusha chembe hizo kwenye ndoo ya plastiki iliyojaa maji, jioni, na kopo lake likae chumba tofauti na asidi na vidonge vya klorini. Zikikutana na asidi hutoa gesi inayoua, na zikichanganyika na vidonge huweza kulipuka. Umeme ukikatika siku nzima fanya vivyo hivyo, maana pampu isipozunguka mashine haitengenezi kitu.

Taa ikiwaka wakati kipimo chako kinaonyesha chumvi iko sawa na maji ni ya uvuguvugu, fungua seli utazame bamba zake. Ukiona ukoko, iloweke dakika 10 kwenye mchanganyiko wa asidi sehemu moja na maji sehemu nne, kisha suuza. Bamba zikiwa safi, usizioshe kwa asidi. Kila mwosho hula utando wake.