Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutegemea Karatasi Mbadala ya Kura ya Posta

Mtanzania anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kupiga kura ya Bunge la huko bila kuwa raia wake, kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Haki hiyo wengi wetu tuliotoka Tanga tunaijua na tunaitumia. Tusichokijua vizuri ni taratibu za kura ya posta, hasa pale bahasha isipofika, na ujinga huo huwaumiza zaidi wale wanaorudi nyumbani kwa miezi miwili mitatu kuuguza au kuozesha, kisha siku ya kura ikawakuta huku. Ninayoyaeleza yanahusu England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Omba mapema. Maombi ya kura ya posta hufungwa saa 11 jioni, siku ya 11 ya kazi kabla ya uchaguzi, na kwa majira ya kiangazi saa hiyo kwa Tanga ni saa 1 usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali ya huko hazihesabiwi. Ukitaka bahasha itumwe kwenye anwani isiyo ya nyumbani kwako, ni lazima ueleze sababu. Usidhani kwamba ombi la zamani linaishi milele, kwani tangu mwishoni mwa Oktoba 2023 idhini ya kura ya posta hudumu kwa miaka 3 tu.

Kwenye hati ya sahihi inayokuja ndani ya bahasha, jaza tarehe yako ya kuzaliwa, wala si tarehe ya siku unayojaza. Watu wengi hukosea hapo. Tarehe na sahihi hulinganishwa na zile ulizotoa ulipoomba, kwa hiyo wewe ambaye wazazi walikukadiria tarehe moja na shule ikakuandika nyingine, tumia ileile uliyoandika kwenye ombi.

Ukiharibu karatasi, usiifute wala usiichane. Kusanya kila kilichokuja ndani ya bahasha, ukirudishe chote kwa ofisi ya uchaguzi ya halmashauri yako, uombe nyingine; ya kwanza itabatilishwa. Kwa karatasi iliyopotea au ambayo haikufika kabisa mambo ni tofauti, na hapa naomba usome polepole. Karatasi mbadala ya namna hiyo haitolewi kabla ya siku ya 4 ya kazi kuelekea uchaguzi, hata ukilia. Utatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe, na mwisho wa kuiomba ni saa 11 jioni ya siku yenyewe ya kura. Baada ya saa 11 jioni ya siku iliyotangulia, hawaitumi tena kwa posta; ni lazima uende mwenyewe ukakabidhiwe mkononi. Kwa aliyeko mtaa wa pili na ofisi hiyo, huo ni msaada mkubwa. Kwa aliyeko Ngamiani, hapa Tanga, hauna faida yoyote.

Nilijifunza hilo mwaka 2024. Mama alikuwa amevunjika nyonga, nami nilikuwa nyumbani Ngamiani nikimuuguza, wakati uchaguzi ulipotangazwa tarehe 22 Mei kwamba ungefanyika tarehe 4 Julai. Niliomba kura ya posta wiki ileile na kuandika sanduku la posta la dada yangu, nikaona nimemaliza kazi. Idd el-Hajj ikapita. Kila asubuhi, nikishamlisha mama uji na kumgeuza ubavu, nilichukua kale kaufunguo kadogo nikaenda kufungua sanduku, nikakuta bili za maji na vumbi. Jumatatu ya tarehe 24 Juni nikaamua kupiga simu ofisini kwao, nikiwa na utulivu kabisa, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mwisho wa kuomba wakala, yaani mtu wa kukupigia kura kituoni kwako, ulikuwa tarehe 26. Nilikuwa na siku mbili mkononi, na rafiki yangu mmoja kule alikwisha kukubali.

Mwanamke wa ofisini aliyepokea simu alinijibu kwa upole kwamba tarehe 26 ilikuwa ya wale tu ambao hawakuwa na mpango mwingine wowote. Aliyekwisha kuandikishwa kwa kura ya posta mwisho wake wa kubadili ulikuwa tarehe 19, sawa na mwisho wa kuomba posta yenyewe. Nilikuwa nimechelewa kwa siku tano bila kujua kwamba kulikuwa na mlango wa kuchelewea. Akaniambia nisubiri Ijumaa tarehe 28, siku ambayo karatasi mbadala zingeanza kutolewa. Hesabu mwenyewe: kutoka Ijumaa hadi saa 4 usiku ya Alhamisi iliyofuata, bahasha itoke Uingereza, ifike Tanga, ijazwe, irudi, wakati ile ya kwanza ilikuwa haijaonekana.

Bahasha ilifika Alhamisi ya tarehe 11 Julai, kona zimesagika, wiki nzima baada ya kura kuhesabiwa. Nilimfungulia mama kitandani. Akapitisha kidole juu ya majina asiyoweza kuyatamka, akaniuliza, "Sasa hii utaipeleka wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo, ikiwa siku ya kura itakukuta Tanga, Pangani au Lushoto, acha kabisa habari ya posta na uandikishe wakala tangu mwanzo. Awe mtu unayemwamini, aliye kwenye orodha ya wapiga kura, na akumbuke kwenda kituoni na kitambulisho chake mwenyewe chenye picha. Ikiwa tayari umeomba posta, badili kabla ya saa 11 jioni ya ile siku ya 11 ya kazi. Baada ya hapo hakuna kubembeleza kutakakosaidia.

Ukiwa uko kule na umepewa karatasi mbadala, kisha ile ya kwanza ikatokea, usiiguse, kwani imekwisha kubatilishwa. Ukichelewa kuiposti hiyo mbadala, ipeleke kituoni mwenyewe kabla ya saa 4 usiku na ujaze fomu wanayokupa, maana bahasha isiyo na fomu hukataliwa. Tangu Mei 2024 huruhusiwi kubeba bahasha za watu wengine zaidi ya 5 pamoja na yako, hata kama ni za wajomba na shangazi wa nyumba moja. Usimkabidhi bahasha yako mpiga kampeni yeyote asiye jamaa yako wa karibu wala mtu anayekuhudumia mara kwa mara, hata kama anatoka kwenu, kwani sheria inamkataza kuishika. Na kabla ya kuifunga bahasha, hakikisha hati yenye sahihi yako imo ndani, haikubaki mezani chini ya kikombe.