Kupiga picha bendi jukwaani kwenye kumbi ndogo za Dodoma

Ukumbi mdogo wa muziki hapa Dodoma mara nyingi ni baa yenye bustani: paa la bati au makuti upande mmoja, jukwaa la kimo cha goti, na taa nne au sita za LED zilizofungwa kwenye bomba. Wanamuziki saba au wanane wamebanana humo. Mwanga ni mchache, na mwingi wake unaangukia duara moja tu karibu na stendi ya maiki. Usihangaike na jukwaa zima. Litafute duara hilo, kisha subiri mtu aingie.

Ndiyo maana inafaa ufike wakati vyombo vinapimwa. Jitambulishe kwa kiongozi wa bendi na kwa meneja, uliza kama flashi inaruhusiwa na wapi hutakiwi kusimama. Halafu kamsalimie fundi mitambo, maana kwenye sehemu ndogo huyo ndiye anayeshika na taa. Mwombe aache taa mbili za mbele kwenye rangi nyeupe au ya njano kwa nyimbo mbili tu, na akuambie ni zipi. Wengi hukubali, hasa ukija na soda.

Kamera na lenzi

Lenzi ya 18–55 inayokuja na kamera haitoshi. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake (uwazi unaopitisha mwanga, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa) linaishia f/5.6, na hapo inaingiza mwanga mdogo karibu mara kumi kuliko lenzi ya f/1.8. Nunua 50mm f/1.8, ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu kuliko zote za aina hiyo. Kwenye kamera za sensa ndogo (sensa ni kipande kinachopokea mwanga) inaona kama 75mm au 80mm, kwa hiyo inamtosha mtu mmoja kuanzia kifuani. Ukiwa na 35mm pia, utapata wawili au watatu pamoja.

Anza hivi: kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), tundu f/2, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) 3200, picha ziwe RAW, yaani faili ghafi lisilobanwa na kamera. Uso ukiwa giza, panda hadi ISO 6400 kabla ya kugusa kasi. Chenga, yaani punjepunje zinazoletwa na ISO kubwa, zinapunguzwa kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe ya kufuatilia, nukta moja, juu ya jicho. Zima taa ndogo ya kusaidia fokasi, zima mlio, punguza mwanga wa skrini. Hakuna kinachomkera mwimbaji kama kitaa chekundu machoni katikati ya ubeti.

Kipimo cha mwanga cha kamera kinadanganywa na giza la nyuma: kinaona weusi mwingi, kinaongeza mwanga, na uso unaungua. Tumia kipimo cha nukta, kinachosoma sehemu ndogo tu ya picha, upime usoni. Ila hapo pia kuna mtego. Kamera inataka kila inachopima kiwe kijivu cha wastani, hivyo ngozi nyeusi itatoka imepauka kama imepakwa unga. Shusha takriban hatua moja, yaani nusu ya mwanga, chini ya kile inachokuambia. Jasho kwenye paji la uso likianza kuwa madoa meupe matupu, shusha tena kidogo.

Taa za LED na matatizo yake

Tatizo la kwanza ni mistari ya giza inayokata picha. Taa za LED za bei rahisi hazitoi mwanga mfululizo. Zinawaka na kuzimika mara nyingi kwa sekunde, na shata ya kielektroniki inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa imezima. Tumia shata ya kawaida ya kimakanika. Mistari ikibaki, shuka hadi 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinazotegemea mkondo huo hupigapiga mara 100 kwa sekunde, na 1/100 inabeba mpigo mmoja mzima. Umeme ukikatika na jenereta ikiwashwa, piga picha mbili za majaribio upya, kwa sababu jenereta haishiki hezi 50 sawasawa.

La pili ni taa nyekundu. Kwenye skrini picha inaonekana nzuri, ukifika nyumbani uso ni bonge jekundu lisilo na pua wala mashavu. Rangi nyekundu imejaa hadi pomoni huku kijani na bluu vikiwa karibu tupu, na histogramu ya jumla (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia) haikuonyesha. Washa histogramu ya rangi tatu na ushushe mwanga hadi nyekundu isigonge ukuta wa kulia. Picha zikishindikana, zigeuze nyeusi na nyeupe. Bluu tupu ni mbaya zaidi: fokasi inatangatanga na chenga zinajaa. Wakati huo pumzika, badilisha betri.

Flashi ya moja kwa moja inafuta rangi zote za jukwaa, na makuti hayarudishi mwanga. Ikiwa umeruhusiwa, itumie kwa wanenguaji tu: ISO 800, f/4, 1/15, flashi kwenye nguvu ya 1/16, iwake mwisho wa shata. Miguu itaacha michirizi ya rangi na uso utakuwa mkali. Katika kumi utapata mbili.

Usimame wapi, upige lini

Mwimbaji anayeshika maiki kwa mkono wa kulia anaziba upande huo wa mdomo. Simama upande wake wa kushoto, yaani kulia kwako ukitazama jukwaa, pembeni kiasi cha nyuzi 45. Upande huohuo unamfaa na mpiga solo, kwa sababu shingo ya gitaa inaelekea huko na yeye hutazama vidole vyake. Akisogeza maiki sentimita kumi kutoka mdomoni mwisho wa mstari, hapo bonyeza. Akitamka herufi zinazofunga midomo, acha. Usikae mbele ya spika. Vaa viziba masikio.

Nyimbo za dansi zina sehemu mbili, na ukizijua hutakosa. Mwanzoni waimbaji wanasimama mstari mmoja, wanaimba taratibu: hapo ndipo nyuso zinapopatikana, 1/160 inatosha. Kisha gitaa la solo linachukua, rapa anaanza kuita, wanenguaji wanatoka. Sebene, yaani sehemu hiyo ya kucheza, likiingia, panda hadi 1/320, weka 35mm, rudi nyuma hatua mbili upate miguu. Kwa bendi ya roki hakuna sebene, lakini kiitikio kikirudi baada ya gitaa kubaki peke yake, wataruka. Hesabu mapigo manne na uwe tayari. Mpiga drums yuko gizani nyuma kila mara. Mtafute kati ya mabega ya waimbaji, 1/400, fimbo ikiwa juu, pale inaposimama kidogo kabla ya kushuka.

Watu watapanda kutuza, wakimbandika mwimbaji noti kwenye paji. Watakuziba, lakini usiwasukume. Panda kwenye kiti pembeni: mkono, noti na kicheko cha mwimbaji ni picha bora kuliko nyingi za usiku huo. Usiitume mtandaoni bila kumuuliza aliyetuza. Mji huu umejaa watumishi wa umma, na kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti likiwa linaendelea, meza za mbele huwa na wageni wasiopenda kuonekana.

Kwa wenye simu tu: gandamiza kidole usoni mwa mwimbaji hadi mwanga ufungwe, kisha uburute chini kidogo. Usikuze kwa vidole, sogea. Usitumie hali ya usiku. Inaunganisha picha kadhaa, na mtu anayecheza atatoka na mikono minne.

Kiangazi upepo wa Dodoma unabeba vumbi hadi chini ya paa. Ukibadilisha lenzi, fanya ndani ya mkoba, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake umeelekea chini. Vumbi likiingia tumia pampu ya mpira, usipulize kwa mdomo, mate hukaukia kwenye sensa.

Ukipiga 500, mpe kiongozi wa bendi 20 au 25. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo zitume kama hati, na zifike kabla ya shoo ya wiki inayofuata, wakati bado wanahitaji picha ya tangazo.