Kuifanya heda ya bei nafuu idumu kwenye gari la kuvuta: kuchagua, kufunga na kutunza

Manifoldi, yaani kifaa kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini na kuupeleka kwenye ekzosi, ile ya chuma cha kusubu iliyokuja na gari, ikipasuka, mwenye gari huambiwa na muuza spea kwamba kuna njia tatu: manifoldi mpya halisi, ambayo bei yake huumiza, manifoldi ya mtumba, au heda ya mabomba ya kuchomelea, inayong'aa na ya bei nafuu kuliko zote. Kwa gari la bredauni linalofanya kazi katika barabara ya Tunduma, Mbeya, Makambako na Iringa, au pikapu inayovuta tela la mbao kutoka Mafinga, ushauri wangu ni kuanza na ya mtumba iliyo nzima, kisha kuipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha silinda hedi ili uso wake unyooshwe. Ikiwa haipatikani, heda ya bei nafuu inaweza kufanya kazi, mradi ichaguliwe na kufungwa kwa kuelewa kinachoiua.

Kinachoiua kwanza ni mzigo wa muda mrefu. Gari dogo la mjini hukanyagwa kwa sekunde chache na kuachiwa, lakini gari linalopanda mlima wa Kitonga likiwa na basi bovu nyuma yake hubaki chini ya mzigo mzima hadi mlima uishe, na mabomba hayapati nafasi ya kupoa. Mwinuko nao huongeza tatizo: Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo injini isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hupungukiwa nguvu, dereva hukanyaga zaidi, na injini ya dizeli ambayo pampu yake imefunguliwa kupita kiasi hutoa moshi mweusi wenye joto kubwa. Chuma cha kawaida kikizidi nyuzi joto 550 au 600 huanza kutoa magamba haraka, na bomba jembamba halina nyama ya kupoteza.

Cha pili ni kutanuka. Kipande cha chuma cha kawaida chenye urefu wa sentimita 60 kikiongezewa nyuzi joto 500 hurefuka karibu milimita 4, na cha stenlesi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) aina ya 304 hupita milimita 5, ilhali silinda hedi inayopozwa na maji hurefuka kidogo sana. Flanji, yaani bamba la heda linalofungwa kwa boliti kwenye silinda hedi, haifikii joto la mabomba, lakini tofauti hiyo inatosha kuvuta boliti za mwishoni hadi zikatike. Injini za silinda sita mstari mmoja, kama 1HZ na 1FZ-FE za Land Cruiser, huumia zaidi kwa sababu flanji yake ni ndefu. Ndiyo maana manifoldi za malori makubwa hutengenezwa kwa vipande vinavyochomekana, ili kila kipande kitanuke bila kumsukuma mwenzake.

Ukifika dukani, usianze na mng'ao. Pima unene wa bomba kwa venia kwenye mdomo wake: milimita 1.2 ni jembamba mno kwa gari la kuvuta, 1.5 ni kiwango cha chini ninachoweza kukubali, na karibu 2 ndilo la kutafuta. Flanji ya milimita 6 hupinda mapema, ile inayokaribia milimita 10 hustahimili. Iweke flanji juu ya kioo kinene au bamba lililonyooka, kisha jaribu kupitisha fila geji (ubapa mwembamba wa kupimia mwanya) ya milimita 0.3 chini yake. Ikipita kwa urahisi, heda hiyo imeshapinda kabla ya kuonja moto. Chungulia pia ndani ya matundu uone kama imechomelewa vizuri pande zote, maana mshono wa nje peke yake, hasa ule uliolainishwa kwa grainda ili upendeze, huwa mwanzo wa ufa. Muuzaji akitoa sumaku kukuthibitishia kwamba ni stenlesi nzuri kwa kuwa hainasi, usishawishike, kwani stenlesi hafifu ya 201 nayo hainasi, na ile ya 409, inayotumika sana kwenye ekzosi za kiwandani, hunasa.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni uzito. Heda haikuundwa kubeba bomba refu la ekzosi pamoja na sailensa, lakini kwenye magari mengi ya kazi mipira ya kuning'inizia imekatika na kufungwa waya, na maunti za injini, yaani mipira inayoishikilia injini kwenye chasi, zimechoka. Injini ikivuta mzigo hujipinda upande mmoja, bomba la nyuma linakataa kuifuata, na heda iliyo katikati ndiyo inayopasuka. Kabla ya kuifunga, badilisha maunti, rudisha hanga zote, na fundi akuwekee fleksi, yaani kipande cha bomba kinachopindika, baada ya mabomba kuungana. Fleksi haigharimu sana, na kwa maoni yangu inaongeza maisha ya heda kuliko kulipia chuma cha daraja la juu.

Wakati wa kufunga, toa boliti zote za zamani, safisha nyuzi, na upake mpya grisi ya shaba inayostahimili joto. Tumia gasketi ya chuma yenye tabaka kadhaa au ile halisi ya gari, wala usiikubali silikoni, kwa kuwa haihimili joto la mahali hapo. Kaza kuanzia katikati ukielekea mwishoni, kwa raundi tatu, kwa spana ya kipimo na kwa kiwango cha kitabu cha gari. Kuzikaza kupita kiasi boliti za mwishoni huinyima flanji nafasi ya kuteleza inapotanuka. Baada ya kuwasha mara chache na kupoa kabisa, rudia kukaza. Rudisha na ngao ya joto, na usogeze nyaya, hosi ya breki na waya wa stata. Kitambaa cha kuzungushia mabomba nakishauri kiachwe: hufungia joto ndani ya chuma chembamba na hushika unyevu, jambo ambalo kwa mvua na ukungu wa milima ya Uporoto halihitaji kuelezwa zaidi.

Uvujaji hujionyesha asubuhi ya baridi, injini ikiwashwa, kwa mlio wa tik-tik unaopungua kadiri chuma kinavyopata joto na kuziba mwanya. Tafuta mstari mweusi wa masizi pembeni mwa gasketi. Usipouona, injini ikiwa baridi ziba bomba la nyuma kwa kitambaa, pitisha hewa ya kompresa kwa presha ndogo, na upake maji ya sabuni kwenye mishono. Mapovu yatakuonyesha mahali. Usiliahirishe hilo, kwa sababu moshi unaoingia kwenye kibini una kaboni monoksaidi, na dereva anayelala ndani ya gari akisubiri kazi huku injini ikiunguruma yuko hatarini.

Barabarani, panda kwa gia ya chini ukiiacha injini izunguke, badala ya kuikandamiza kwa gia ya juu. Kipima joto cha moshi kikifungwa kabla ya tabo, dereva wa dizeli aanze kupunguza mguu kinapokaribia nyuzi 700. Ukimaliza kupanda Kitonga na kufika Ilula, acha injini ipoe kwa kuunguruma dakika mbili tatu kabla ya kuizima. Kama gari lina breki ya ekzosi, inayoziba moshi ili injini ipunguze mwendo, epuka heda yenye viungo vya kuchomekana, kwani presha yake mteremkoni hupenya humo.

Ufa wa kwanza unaweza kutibiwa. Toboa tundu la milimita 3 kila ncha ya ufa, funga flanji kwenye bamba nene ili isipinde, na uchomelee kwa mashine ya gesi ya agoni, si kwa rodi nene inayotoboa bomba. Ufa ukirudi pembeni mwa mshono, chuma hapo kimeshachoka; usilipie kuchomelea tena, nunua nyingine na uitumie fleksi na boliti zako zikiwa bado nzima.